Kupima umbo la nyanya kwa skana na kompyuta: mwongozo kamili, kuanzia shambani hadi kwenye jedwali

Nyanya ya Money Maker ni duara, Marglobe ni duara lenye mabega mapana kidogo, Roma VF imechongoka kama pea, Cal J na Rio Grande zina ubavu ulionyooka kama kopo. Mkulima anazitofautisha kwa jicho. Shida inaanza pale unapotaka kujua Cal J ya shamba hili imepotoka kiasi gani ikilinganishwa na ya shamba lile, au kizazi cha pili cha mchanganyo wa aina mbili kimesambaa vipi kati ya wazazi wake. Hapo maneno "ndefu kiasi" hayafai. Inatakiwa namba, na namba hiyo mtu mwingine akiirudia aipate ileile.

Umbo la nyanya linatawaliwa kwa sehemu kubwa na jeni nne ambazo zimechunguzwa sana: SUN na OVATE zinarefusha tunda, LC na FAS zinaongeza vyumba vya mbegu na kulifanya liwe pana na bapa. Kwa hiyo namba utakazopata hapa zinaweza kuunganishwa moja kwa moja na kazi ya mbegu. Kuna programu maalumu ya Windows, Tomato Analyzer, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na kutangazwa mwaka 2006. Mwongozo huu unatumia ImageJ, programu ya kupima na kuchambua picha (au Fiji, ambayo ni ImageJ iliyofungashwa pamoja na nyongeza nyingi), kwa sababu ni ya bure, inaendeshwa kwenye kompyuta ya aina yoyote, na inakulazimisha uelewe kila hatua. Kwa hesabu za mwisho tutatumia R, programu ya bure ya takwimu.

Panga sampuli kabla ya kushika kisu

Matunda ya mche mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Yamekula mbolea moja, yamekunywa maji mamoja. Ukichuma matunda 50 kwenye mche mmoja, bado una mche mmoja. Hili ndilo linaloangusha ripoti nyingi: jedwali lina mamia ya safu, lakini ukweli wake umebebwa na miche minne.

Mpango unaotosha kwa kazi ya kawaida ni aina 4, kila aina miche 6, kila mche matunda 8. Hayo ni matunda 192 na miche 24. Ukiwa na nguvu ya kuongeza, ongeza miche kabla ya kuongeza matunda.

Chuma kichala cha pili na cha tatu tu. Matunda ya kwanza kabisa ya kichala cha kwanza mara nyingi huwa na ulemavu, hasa maua yakiwa yalifunguka wakati wa baridi: yanaungana, yanakuwa mapana, yana kovu refu kitakoni. Ukiyachanganya na mengine, aina yako itaonekana ina tofauti nyingi za umbo kuliko ilizo nazo. Chuma yakiwa mekundu lakini magumu. Nyanya iliyoiva kupita kiasi ukiikata na kuilaza kwenye kioo inabonyea na kutanuka, na kompyuta haitajua kwamba upana ule umeletwa na ulaini.

Usichague "mazuri". Kwenye kila mche hesabu matunda yote yaliyo tayari, kisha chukua kwa zamu: la kwanza, la tatu, la tano. Lililooza au kuliwa na mdudu liruke na uandike kwamba umeliruka.

Pima uzito wa kila tunda kabla ya kulikata. Mizani ya gramu 1 inatosha, ya gramu 0.1 ni bora. Uzito huu utatusaidia baadaye kwa namna ambayo wengi hawaitegemei.

Vifaa

Skana ya mezani ya kawaida, ukubwa wa A4. Kisu chembamba chenye meno kama cha mkate au cha nyanya. Kisu butu kinaponda ngozi kabla ya kuikata na ukingo unatoka ukiwa umepinda. Taulo za karatasi. Sanduku la katoni lenye kina cha sentimita 10 hivi, ndani limebandikwa karatasi nyeusi isiyong'aa, la kufunika kioo badala ya kile kifuniko cha skana. Rula ya chuma. Vipande vya karatasi vya kuandikia majina, kalamu ya wino usiosambaa.

Sanduku jeusi ndilo linalokupa usuli mweusi. Kifuniko cheupe cha skana kinarudisha mwanga, kinatia kivuli kando ya tunda, na hakifungi vizuri juu ya nusu ya nyanya. Kitambaa cheusi kinaweza kufanya kazi, ila kinagusa matunda na kuyasogeza, na nyuzi zake huonekana kwenye picha.

Kioo cha skana hakipendi maji ya nyanya, hasa yakipenya pembeni. Baadhi ya watu huweka karatasi ya plastiki angavu juu ya kioo. Inasaidia, mradi iwe imenyooka bila mkunjo hata mmoja na ubadilishe ikianza kuchubuka. Bila plastiki picha ni safi zaidi, lakini lazima ufute kioo kila baada ya skani moja.

Kukata

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Programu itapima kile ulichokata, kwa uaminifu wote.

Ng'oa kikonyo na vile vijani vyake vyote. Usiache hata kimoja. Kijani kikilala juu ya bonde la kikonyo kinaliziba mdomo. Kwenye picha bonde linageuka kuwa shimo lililozungukwa pande zote, na kompyuta ikifika kwenye hatua ya kujaza mashimo italifukia. Tunda lenye mabega marefu litatoka laini kama yai, na hutaona kosa lolote kwenye jedwali.

Tazama tunda kwa juu. Kama ni la duara, pitisha kisu popote, mradi kipite katikati ya kovu la kikonyo na katikati ya kovu la ua kule kitakoni. Kama ni bapa lenye mikunjo, ukilitazama kwa juu halina upana sawa kila upande. Hapo weka sheria moja ya kukata kwenye upana mkubwa zaidi, na uifuate kwa matunda yote. Ukikata hivi leo na vile kesho, tofauti itakayoonekana ni ya mkono wako.

Laza nusu moja juu ya taulo ya karatasi kwa sekunde chache, uso uliokatwa ukiwa chini, ili maji yaliyozidi yanywewe. Usiikandamize. Kisha ihamishie kwenye kioo. Maji yakibaki, yanatengeneza pete nyembamba inayong'aa kuzunguka tunda, na pete hiyo inaongeza milimita moja au mbili pande zote. Kwa nyanya ya milimita 45 hilo si jambo dogo.

Jinsi ya kujua kisu kimepita pembeni: kwenye picha utaona uso uliokatwa ukiwa na ukingo mkali, halafu nyuma yake ngozi imetokeza kama sketi iliyofifia. Maana yake nusu hiyo ni kubwa kuliko nusu, na unene wake uko juu ya kioo, si kwenye kioo. Sketi ikiwa nyembamba kama uzi, endelea. Ikionekana wazi, tupa tunda hilo na ukate jingine la mche uleule. Kutumia ile nusu ndogo hakusaidii, kwa sababu mkato ni uleule na haukupita katikati.

Nusu ya pili iweke kando kwenye trei, kwa mpangilio uleule, mpaka uthibitishe skani ni nzuri. Kama unataka kuhesabu vyumba vya mbegu, kata kwa mlalo tunda jingine la kichala hichohicho.

Kuskani

Panga matunda 8 ya mche mmoja kwa safu mbili za manne. Kikonyo cha kila tunda kielekee upande mmoja, ule utakaokuwa juu ya picha. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya tunda na tunda, na kati ya tunda na ukingo wa kioo. Matunda yakigusana, programu inayaona ni kitu kimoja. Ipo amri ya kuyatenganisha (Watershed), lakini inakata mahali inapodhani, na kwenye kazi ya umbo kudhani hakufai. Ni rahisi kusogeza nyanya kuliko kurekebisha picha.

Kuhusu kuinamisha: tunda refu la milimita 60 kwa 45 lina uwiano wa 1.33. Likiinama nyuzi 10 utasoma karibu 1.31, kosa linalovumilika. Likiinama nyuzi 20 utasoma karibu 1.24. Jicho linaweza kabisa kuiona tofauti ya nyuzi 20, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Kumbuka skana inatazama kutoka chini. Tunda uliloweka kushoto ukiwa umesimama juu ya kioo litatokea kulia kwenye picha. Ukiandika namba za matunda ukitazama kwa juu kisha ukazisoma kwenye skrini bila kugeuza, uzito wa tunda la kwanza utabandikwa kwenye umbo la nne. Skani ya kwanza weka kipande cha karatasi penye nafasi namba 1 uone kinatokea wapi, kisha chora ramani ya nafasi na uibandike ukutani juu ya skana.

Karatasi ya jina (mfano: CALJ-m04-s1, yaani Cal J, mche wa nne, skani ya kwanza) iweke ikigusa ukingo wa picha. Sababu ni ya kiufundi: karatasi nyeupe juu ya usuli mweusi ni "kitu" machoni pa programu, na tutaiambia programu iachane na kila kitu kinachogusa ukingo.

Mipangilio ya skana: rangi, dpi 300, TIFF. Zima kila kinachoitwa uboreshaji wa kiotomatiki: kunoa picha, kuondoa vumbi, kurekebisha rangi, kujikatia ukingo. Kinachorekebishwa kiotomatiki hubadilika kutoka skani moja hadi nyingine. JPEG inapunguza ukubwa wa faili lakini inatia ukungu wa miraba midogomidogo kando ya ukingo, palepale tunapotaka kupima. Zaidi ya dpi 300 unapata faili nzito bila faida kwa tunda la ukubwa huu.

Dpi 300 ni pikseli 300 kwa inchi, yaani 300 gawanya kwa 25.4, sawa na pikseli 11.811 kwa milimita. Usiiamini namba hiyo mpaka umeskani rula mara mbili, mara moja ikiwa imelala kwa upana na mara moja kwa urefu wa kioo. Pima milimita 150 kwa kila upande kwenye ImageJ. Zote zinapaswa kutoa pikseli karibu 1772. Skana nyingine huvuta picha kidogo kwenye mwelekeo ambao taa inatembea. Tofauti ikizidi nusu asilimia, rekebisha vipimo vya upande huo, la sivyo matunda yote yatarefuka au kufupika kwa pamoja.

Kutenganisha tunda na usuli

Fungua picha moja kwenye ImageJ na uigawe katika chaneli za rangi (Image, Color, Split Channels). Utapata picha tatu za kijivu. Chukua ile nyekundu. Nyanya nyekundu, ya machungwa na ya njano zote zinang'aa hapo na usuli unabaki mweusi. Kwa nyanya mbichi au nyanya chungu za kijani jaribu chaneli ya kijani.

Ukishaona kwa macho kwamba njia inafanya kazi kwenye picha tatu nne za aina tofauti, tumia makro hii, yaani orodha ya amri ambazo programu inazifuata yenyewe. Ifungue kwa Plugins, New, Macro, bandika, kisha endesha picha ikiwa wazi:

```
setOption("BlackBackground", true);
run("Set Measurements...", "area centroid perimeter bounding fit shape feret's redirect=None decimal=3");
jina = getTitle();
run("Split Channels");
selectImage(jina + " (red)");
run("Set Scale...", "distance=11.811 known=1 unit=mm");
run("Median...", "radius=3");
setAutoThreshold("Otsu dark");
run("Convert to Mask");
run("Fill Holes");
run("Analyze Particles...", "size=300-Infinity display exclude add");
```

Median inafuta chembe za vumbi na mbegu zilizonata pembeni bila kulainisha ukingo kupita kiasi. Pikseli 3 hapa ni robo ya milimita. Otsu inajitafutia kizingiti kati ya mwanga wa tunda na giza la usuli. Fill Holes inajaza vyumba vya mbegu, ambavyo ute wake mara nyingi hutoka mweusi. Ukubwa wa kuanzia milimita za mraba 300 unaondoa takataka. Nyanya ya kipenyo cha sentimita 3 ina takribani 700, kwa hiyo haitapotea. Kwa nyanya ndogo za cheri shusha hadi 100.

Matatizo matatu hujitokeza mara kwa mara. La kwanza, kila kitu kimegeuka: usuli umekuwa mweupe na matunda yamekuwa mashimo, au hakuna kilichopimwa. Angalia mstari wa BlackBackground na neno "dark" kwenye kizingiti. Vikipingana, picha inageuka. La pili, ute umefika hadi ukingoni na tunda limeumwa pembeni. Hilo si shimo, ni ghuba, na Fill Holes hailigusi. Shusha kizingiti kwa mkono kwa picha hiyo, na kama bado, chora ukingo kwa mkono na uandike kwenye daftari kwamba umefanya hivyo. La tatu, namba za matunda hazifuati mpangilio wako. ImageJ husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu, na tunda lililotangulia kuguswa ndilo namba 1. Tunda la nne likiwa limepanda milimita mbili juu ya la kwanza, linachukua nafasi yake. Ndiyo maana tumeomba "centroid", yaani mahali kilipo kitovu cha kila tunda: kwenye jedwali tumia safu ya Y kugawa matunda ya juu na ya chini, kisha X kuyapanga, halafu linganisha na ile ramani yako.

Kwa kila picha angalia mistari ya ukingo ikiwa imelala juu ya picha ya rangi. Sekunde kumi kwa picha. Hakuna programu ya kiotomatiki inayostahili kuaminiwa bila hilo.

Kipimo kipi kinasema nini

Jedwali litakuja na safu nyingi, na kishawishi ni kuzitumia zote. Nyingi zinarudia jambo moja.

Kipimo kikuu ni urefu wa tunda gawanya kwa upana wake: safu ya Height gawanya kwa Width. Tunda la milimita 62 kwa 48 lina 1.29. Chini ya 1 ni bapa, karibu na 1 ni duara, juu yake ni refu. Kinafanya kazi kwa sababu ulipanga vikonyo vyote vikitazama juu.

Safu ya AR inafanana na kipimo hiki na ndiyo inayowapoteza watu. Programu inachora duaradufu juu ya tunda, kisha inagawanya mhimili mrefu kwa mfupi, bila kujua kikonyo kiko wapi. Matokeo yake hayawezi kuwa chini ya 1. Nyanya bapa yenye uwiano wa 0.75 inapata AR ya 1.33, na nyanya ndefu yenye uwiano wa 1.33 inapata AR hiyohiyo ya 1.33. Aina mbili zilizo mbali kabisa zinakaa kiti kimoja. Feret, yaani umbali mrefu kuliko wote kati ya nukta mbili za ukingo, ina kasoro ileile. Vitumie kwa kuhakiki tu: pale AR ni kubwa lakini Height kwa Width iko karibu na 1, huenda tunda liliinama vibaya.

Solidity ni eneo la tunda gawanya kwa eneo la kamba iliyonyooshwa kulizunguka. Kwenye mkato wa wima inakuambia bonde la kikonyo lina kina gani. Tunda lisilo na bonde linakaribia 1. Mabega yakipanda, inashuka.

Circularity, yaani 4π mara eneo gawanya kwa mzingo wa mraba, ni kipimo ninachokikwepa kwenye kazi hii. Mzingo unabadilika kwa azimio la picha na kwa kila kijino cha ukingo, hivyo skani ya dpi 150 na ya 300 za tunda lilelile hazitoi jibu moja. Ukilazimika kukitumia, usilinganishe kamwe picha za azimio tofauti.

Kinachokosekana kwenye jedwali ni tofauti kati ya juu na chini ya tunda. Roma na Cal J zinaweza kuwa na uwiano mmoja wa urefu na upana, moja ikiwa imebana karibu na kikonyo na nyingine ikiwa ya mstatili. Kwa hiyo pima upana mahali patatu: asilimia 10, 50 na 90 ya urefu kutoka juu. Makro hii inafanya hivyo mara tu baada ya ile ya kwanza:

```
for (i = 0; i < roiManager("count"); i++) {
  roiManager("select", i);
  Roi.getBounds(x, y, w, h);
  namba = i + 1;
  mstari = "" + namba;
  for (k = 0; k < 3; k++) {
    q = 0.1 + 0.4*k;
    yy = round(y + q*h);
    kwanza = -1; mwisho = -1;
    for (xx = x; xx < x+w; xx++) {
      if (Roi.contains(xx, yy)) {
        if (kwanza < 0) kwanza = xx;
        mwisho = xx;
      }
    }
    upana = (mwisho - kwanza + 1)/11.811;
    mstari = mstari + "\t" + d2s(upana, 2);
  }
  print(mstari);
}
```

Inachukua pikseli ya kwanza kushoto na ya mwisho kulia, ili bonde la kikonyo lisipunguze upana wa mabega. Gawanya upana wa juu kwa wa katikati, na wa chini kwa wa katikati. Tunda la mstatili lina namba kubwa pande zote mbili. Pea ina ndogo juu na kubwa chini. Umbo la moyo ni kinyume chake.

Safisha ROI Manager (dirisha linalohifadhi kingo za matunda) kabla ya kufungua picha inayofuata, la sivyo matunda ya mche uliopita yatapimwa tena juu ya picha mpya.

Ukitaka umbo zima: mawimbi ya Fourier

Uwiano wa namba chache unaacha mengi. Njia ya duaradufu za Fourier, iliyoelezwa na Kuhl na Giardina mwaka 1982, inaugeuza ukingo wote kuwa jumla ya duaradufu, kubwa kwanza, kisha ndogo na ndogo zaidi. Kila duaradufu ina namba nne. Programu ya SHAPE ya Iwata na Ukai ya mwaka 2002 ilifanywa kwa ajili hiyo; kwenye R kuna Momocs.

Momocs inataka picha moja kwa tunda moja, kivuli cheusi juu ya usuli mweupe, JPEG. Kwenye ImageJ chagua kila ukingo kwenye ROI Manager, fanya nakala ya kipande hicho chenye nafasi ya pikseli 20 pande zote, geuza rangi, hifadhi. Hapa JPEG inaruhusiwa kwa kuwa kivuli kina rangi mbili tu. Kisha:

```
library(Momocs)
f <- list.files("vivuli", pattern = "jpg$", full.names = TRUE)
m <- Out(import_jpg(f))
m <- coo_center(m)
m <- coo_scale(m)
m <- coo_slidedirection(m, "up")
e <- efourier(m, nb.h = 12, norm = FALSE)
p <- PCA(e)
plot_PCA(p)
```

Mkato wa wima wa nyanya ni laini, hivyo duaradufu 10 hadi 15 zinatosha. Ukiongeza hadi 40 unaanza kupima meno ya pikseli.

Sehemu ya kuangalia kwa makini ni norm = FALSE. Utaratibu wa kawaida wa njia hii ni kuzungusha kila tunda hadi mhimili mrefu wa duaradufu ya kwanza ulale sawa. Kwa tunda refu ni sawa. Kwa nyanya ya duara, mhimili mrefu haupo kiuhalisia. Pikseli chache zinaamua ulale wapi. Matunda ya Money Maker yaliyo pacha yanazungushwa moja huku jingine kule, na kwenye mchoro yanatokea makundi mawili au manne yaliyotengana vizuri, ya kuvutia, yasiyo na maana yoyote. Ukiona wingu la aina moja limegawanyika hivyo, shuku mzunguko kabla hujatangaza ugunduzi. Kwa kuwa vikonyo vyako vilipangwa kwa mkono, mwelekeo wa mkono ndio wa kutegemea, na ndio maana tumeanzia kila ukingo upande wa juu na kuzima uzungushaji.

coo_scale inaondoa ukubwa, ibaki sura tu. Eneo lihifadhi pembeni, kwa sababu lazima uangalie kama umbo linafuata ukubwa: chora mhimili wa kwanza wa PCA (hesabu inayokusanya namba nyingi kwenye mihimili michache) dhidi ya eneo, ndani ya kila aina. Matunda madogo yakiwa marefu zaidi kuliko makubwa, sehemu ya "tofauti ya aina" yako ni tofauti ya ukubwa tu.

Hakiki kabla ya kuamini

Sasa ule uzito. Chora uzito wa kila tunda dhidi ya eneo lake lililopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Ndani ya aina moja nukta zinakaa karibu na mstari mmoja. Tunda lililo mbali na mstari karibu kila mara lina kosa la jina, limeungana na jirani yake, au lilikatwa pembeni. Njia hii inakamata makosa ya nafasi ambayo hakuna jicho litakaloyaona kwenye jedwali la safu 192.

Pili, chukua matunda 20, skani, yainue yote, yafute maji, yapange upya, skani tena. Tofauti kati ya skani mbili za tunda lilelile ndiyo kelele ya mkono wako. Linganisha na tofauti kati ya matunda ya mche mmoja. Kelele ikikaribia nusu yake, rudi kwenye kupanga na kukata, takwimu hazitakuokoa.

Kwa uchambuzi, njia salama ni kuchukua wastani wa matunda 8 ya kila mche kisha kulinganisha aina kwa wastani 24. Au tumia modeli inayojua kwamba matunda yamo ndani ya mche:

```
library(lme4)
lmer(uwiano ~ aina + (1 | aina:mche), data = d)
```

Inatoa pia mgawanyo wa tofauti: kiasi gani kiko kati ya miche, kiasi gani ndani ya mche. Kwa mbegu iliyotulia kama Money Maker unatarajia miche ifanane, na tofauti kubwa iwe ndani ya mche. Miche ikitofautiana sana, ama mbegu imechanganyika ama shamba halilingani.

Kama huna skana, au tunda halikatiki

Simu inafaa, kwa masharti. Iweke kwenye stendi ikitazama chini wima, tumia lenzi ya kawaida au ya kuvuta, kamwe si ile pana, na matunda yakae katikati ya fremu. Kosa kubwa ni rula iliyolala mezani. Ukingo wa tunda zima uko juu ya meza, karibu zaidi na kamera. Kamera ikiwa sentimita 60 juu ya meza na ukingo wa tunda uko sentimita 3 juu, kila urefu unaongezeka kwa 60 gawanya kwa 57, zaidi ya asilimia 5, na eneo linaongezeka karibu asilimia 11. Pandisha rula juu ya kibao chenye kimo sawa na nusu ya unene wa tunda, au sogeza kamera hadi sentimita 150 ambapo kosa hushuka hadi asilimia 2. Uwiano wa urefu na upana hauathiriki sana, kwa hiyo mwenye kutaka uwiano tu anaweza kulala usingizi.

Kwa embe, ambalo kokwa yake haikati kisu, piga picha likiwa limelala kwa ubapa wake, kikonyo juu, mdomo daima upande wa kushoto. Embe lina pande mbili bapa. Ukilaza Dodo moja kwa ubavu huu na jingine kwa ule, mdomo unahama na Fourier itaona maumbo mawili. Lililokataa kutulia upande unaoutaka lipige lilivyolala, kisha geuza picha kwa Image, Transform, Flip Horizontally kabla ya kutoa ukingo, na uongeze herufi g kwenye jina la faili ujue limegeuzwa.